Muvi tano za kwetu nilizoangalia karibuni, maoni yangu bila kuficha

Wadau, nimekuwa kwenye kipindi cha kuangalia muvi za huku kwetu tu, Tanzania na Kenya, mpya kidogo na za zamani kidogo, nikaona niandike maoni kabla hayajapoa maana kuna vitu vimenigusa sana na kuna vingine vimeniudhi. Ziko tano: Supa Modo, Nairobi Half Life, Binti, Vuta N'Kuvute na Nawi. Sizipangi kwa mwaka wala kwa tuzo, naanza na ile iliyonikaa moyoni zaidi halafu tutaenda hivyo hivyo.

Ila kabla sijaanza niseme kitu ambacho nimekifikiria sana. Sisi huku muvi ikiisha swali la kwanza ni "ina ujumbe gani?" Muigizaji akienda redioni anaulizwa ujumbe, dairekta akihojiwa anaulizwa jamii inajifunza nini, hata sisi wenyewe tukimshauri mtu aangalie kitu tunamwambia "ina mafunzo hiyo". Sipingi mafunzo. Lakini kiukweli naona hili swali limeziumiza muvi zetu kuliko hata bajeti ndogo tunayoilalamikia kila siku, kwa sababu mwandishi anaanza na ujumbe kwanza halafu ndio anatafuta watu wa kuubeba, matokeo yake kila mtu kwenye muvi anaongea kama yuko semina, mwema ni mwema toka dakika ya kwanza, mbaya ni mbaya hadi anavyocheka, na mwishoni lazima mmoja alazwe hospitali ili awaambie wenzie walipokosea. Mimi nataka mtu. Nimuone anataka kitu, anakihangaikia, anakosea, anafanya mambo hata mimi siyakubali ila namuelewa. Ujumbe nitautafuta mwenyewe nikiwa nimelala. Kwa kipimo hicho ndio nimeziangalia hizi tano.

SUPA MODO

Ya Kenya, 2018, kaongoza Likarion Wainaina. Ni fupi, dakika 74 tu, na hilo peke yake nimelishukuru kwa sababu mimi nimekulia kwenye zama za Bongo Muvi za part 1 na part 2, ambapo gari linapiga honi getini, mlinzi anatoka, anafungua geti upande mmoja, anafungua upande wa pili, gari linaingia, linapaki, mtu anashuka, anatembea mpaka sebuleni, na stori bado haijasogea hata hatua moja.

Stori yenyewe: Jo ana miaka tisa na ana ugonjwa ambao hauponi. Hilo unaambiwa mapema kabisa kwahiyo sikuharibii. Mama yake anamtoa kule alikokuwa anatunzwa na watoto wengine wagonjwa, anamrudisha kijijini ili siku zilizobaki awe nyumbani. Jo anapenda muvi za mapigano na za mashujaa kupita maelezo. Sasa dada yake, Mwix, hawezi kukaa tu akimuangalia mdogo wake amelala, anaanza kumuaminisha kwamba ana nguvu za ajabu, na ili ionekane kweli inabidi awapange watu wa kijiji waingie kwenye mchezo. Na kijiji kinaingia.

Ukisikia hivyo unadhani ni muvi ya kuwaliza watu kwa nguvu. Nilikaa nikisubiri ile sini ambayo kamera inasogelea uso wa mtoto, kinanda kinaanza, na mtu mzima anatoa maneno ya busara kuhusu maisha. Kuna mahali muziki unasukuma kidogo, siwezi kudanganya, ila kwa sehemu kubwa muvi inakwenda na mtoto anavyocheza, na Stycie Waweru aliyecheza kama Jo hakuombi huruma hata kidogo. Ana kiburi flani hivi cha mtoto anayejua zaidi ya wakubwa wanavyodhani. Jo sio mjinga, na muvi haimchukulii kama mjinga, na hapo ndipo iliponishika.

Lakini mtu wa muvi hii kwangu mimi ni mama, Marrianne Nungo. Mama ni mkunga. Kazi yake ni kupokea watoto wa wenzie kuja duniani, halafu anarudi nyumbani ambako kuna wa kwake anayeondoka. Hakuna anayekukalisha chini kukuelezea uzito wa jambo hilo, limewekwa tu pale na wewe ndio unalibeba. Mama anataka Jo apumzike, akae ndani, asichoke, asiumie, yaani kila siku moja ya ziada ni ushindi. Mwix anataka Jo atoke nje, acheze, afurahi, hata kama hiyo inamaliza siku zenyewe haraka. Wote wawili wanampenda na wote wawili wana haki, na mimi nilijikuta dakika hii niko na mama, dakika inayofuata niko na Mwix, nikaacha kuchagua. Yeyote aliyewahi kuuguza mtu nyumbani anaujua huu ugomvi. Mmoja anasema asipewe hiki daktari kakataza, mwingine anasema jamani mpeni anachokitaka. Kwenye muvi ya ujumbe mmoja kati yao angekuwa na kosa na mwishoni angelia akaomba msamaha.

Halafu kuna kitu ambacho sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kulipia kuangalia muvi, tutakielewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Kule kwenye benchi la mbao, sheria ilikuwa moja, steringi, yaani shujaa wa muvi, hafi. Apigwe risasi, arushwe toka ghorofani, tunajua hafi, na ndio maana tunapiga kelele bila wasiwasi. Sasa Jo ndiye steringi wa hii muvi na yeye mwenyewe kalelewa na sheria hiyohiyo. Unaanza kuona kijiji kizima kinahangaika kuilinda sheria ya kibanda umiza mbele ya kitu ambacho hakijali sheria. Nilipoligundua hilo ilibidi nisimamishe kidogo nikanywe maji.

Na yule Mike, jamaa wa kijijini anayewaonyesha watu muvi, nilimpenda mno. Kwa Wakenya hapo mtamkumbuka DJ Afro na sisi tutamkumbuka marehemu Lufufu, watu waliokaa na maiki wakatafsiri muvi za Wachina na Wahindi na Wamarekani kwa Kiswahili cha kwetu mpaka ukaona steringi ni mtu wa Manzese. Watu wengi wenye kamera leo walianzia kwenye sauti zile. Supa Modo inawapa heshima yao bila hotuba.

Kasoro ipo, baadhi ya wanakijiji wamechorwa harakaharaka, unawajua kwa kazi zao tu, huyu mwizi huyu polisi, ungetamani wawili watatu upate muda nao. Ila narudia, dakika 74, na sikuona hata moja ya kutupa.

NAIROBI HALF LIFE

Hii niliiangalia zamani nikairudia sasa hivi, na nashangaa ilivyosimama. Ya 2012, kaongoza David Tosh Gitonga. Ndio ilikuwa ya kwanza Kenya kuipeleka Oscar kwenye kipengele cha muvi za lugha za kigeni. Mwaka huohuo ndio sisi tulimzika muigizaji wetu Steven Kanumba, mwezi wa nne, na kila nikiiangalia nawaza yule kijana angefika wapi kama angebaki, maana soko la muvi lilikuwa kwenye kilele chake na baada ya hapo lilianza kushuka.

Mwas, kacheza Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini anauza DVD, na ili wateja wanunue anawaigizia sini zenyewe palepale, anaruka, anabadilisha sauti, anakufa anafufuka. Hiyo sini ya mwanzo inakuambia kila kitu kuhusu yeye kuliko maelezo yoyote, kwamba ana kipaji, ana njaa, na hana mtu wa kumuonyesha njia. Anataka kuwa muigizaji kwahiyo anaenda Nairobi. Na Nairobi inampokea kwa kumvua kila kitu, anaporwa pesa na mzigo aliopewa apeleke, na kabla siku haijaisha yuko selo.

Selo ile jamani. Kuna choo, na aliye mpya lazima akioshe. Hakuna aliyefupisha, kamera imekaa pale, unaona kabisa anachokanyaga. Mimi sio mtu wa kupenda uchafu kwenye skrini ila hapa naitetea, kwa sababu baada ya pale kila uamuzi atakaoufanya Mwas unauelewa. Hapo ndipo anakutana na Oti, kacheza marehemu Olwenya Maina, na Oti ndiye anamuingiza kwenye genge la wizi wa spea za magari. Olwenya alifariki 2022, na ukiiangalia sasa unaona kabisa tulipoteza mtu mkubwa. Oti wake ni mwizi, ana hasira za haraka, lakini ukiwa umekwama mjini ungemtaka yeye awe rafiki yako. Huwezi kumchukia, na muvi haikuombi umpende, imemuacha tu awe.

Basi Mwas anaishi maisha mawili, huku mazoezi ya jukwaani na watu waliosoma wenye Kiingereza safi, huku vijana wa genge na sheng na bunduki. Kinachonivutia ni kwamba kuigiza kunamsaidia pande zote mbili. Kwenye wizi anaigiza asiogope, jukwaani analeta yale ya mtaani. Hakuna anayemwambia wizi mbaya acha. Wizi unamfuata wenyewe mpaka kwenye matokeo yake, na polisi wa humu ndani sio malaika wala sio mashetani wa katuni, ni watu wenye biashara yao.

Mwisho wake sitausema wote, nitasema tu kwamba Mwas anapanda jukwaani akiwa katoka kwenye jambo ambalo mtu wa kawaida angekuwa kajifungia chumbani analia, na yale maneno anayoyasema mbele ya watu waliovaa vizuri ndio ya kwenye mchezo lakini pia sio ya kwenye mchezo. Wairimu alipewa tuzo ya muigizaji bora Durban kwa hii kazi na alistahili, uso wake pale una vitu vitatu kwa wakati mmoja.

Kwa Mtanzania kuna shida ndogo ya lugha, sheng ni nzito na mara inaingia Kikuyu, sabtaitoli utazihitaji, mimi mwenyewe kuna sentensi nilirudisha nyuma. Wala isikuzuie. Kinachonikera zaidi ni upande wa Amina, Nancy Wanjiku Karanja kafanya kazi nzuri ila muvi inamtumia kama kitu cha kugombewa na wanaume, anapata sini nzuri moja mbili halafu anaachwa. Ni muvi ya wanaume, na katika kuirudia ndio nimeliona hilo vizuri.

BINTI

Tuje nyumbani sasa. Binti ni ya 2021, kaongoza Seko Shamte, na ndio muvi ya Tanzania ya kwanza kuingia Netflix, kwahiyo wengi walishaiona na wengi walishaisema. Nimechelewa ila nina la kusema.

Ni wanawake wanne wa Dar, kila mmoja na sura yake kama kitabu. Tumaini, Angel, Stella, Rose. Hadithi zao zinagusana lakini kila mmoja ana lake. Kwa muonekano, aisee, hatuna cha kujitetea tena, picha safi, saundi inasikika vizuri bila feni kuvuma nyuma ya mazungumzo, na Dar inaonekana kama Dar yenyewe, sio nyumba moja ya kukodi Mbezi yenye makochi makubwa ambayo tumeiona kwenye muvi hamsini.

Sehemu ya Tumaini ndio iliyonishika shingo. Bertha Robert kacheza mwanamke mwenye duka lake anayetaka kusogea mbele kidogo, na deni limemkalia kooni kutoka kwa mtu ambaye hana utani. Hii mikopo ya kausha damu, ya riba ya kukuua, kila mtaa una mtu aliyeikimbia, wengine wamehama nyumba usiku. Nilichopenda ni kwamba hofu ya Tumaini iko mwilini. Yuko na wateja anatabasamu, anajibu simu kwa sauti ya kawaida, ila mikono yake haitulii, na anaangalia mlangoni kila kivuli kikipita. Huwezi kufundishwa hicho kwenye semina. Mimi nilikuwa tayari kukaa naye muvi nzima, nijue pesa ilienda wapi, nani alimpeleka kwa huyo mkopeshaji, ndugu zake wanasemaje. Halafu skrini ikaandika jina la mtu mwingine.

Hiyo ndio lawama yangu kubwa na naisema kwa upendo. Wanne ni wengi. Kila ukimpata mtu unaondolewa. Angel, Magdalena Munisi, yuko na mwanaume anayempiga na harusi inakuja, na hapa ndio muvi inakaribia kabisa kuwa ya ujumbe kwa sababu muda ni mfupi, inabidi tuoneshwe haraka kwamba jamaa ni mbaya, na mwanaume akishakuwa mbaya tu basi hatuoni kwanini Angel alimpenda. Na hilo ndilo swali lenyewe! Mwanamke anayepigwa ana sababu za kubaki zinazoingia akilini mwake, ana siku nzuri anazozikumbuka, ana kadi za michango zilizoshasambazwa, ana mama aliyeshatangaza mtaani. Sisi tulioenda vikao vya harusi tunajua ilivyo ngumu kusimamisha kitu ambacho watu wameshachangia. Ningeipa hii sehemu dakika ishirini za ziada.

Stella anatafuta mtoto na mtoto hapatikani, sehemu hii ni tulivu na Helen Hartmann anaibeba kwa macho zaidi kuliko maneno. Na Rose, Godliver Gordian, analea mtoto mwenye usonji huku ndoa ikiyumba. Godliver ni muigizaji wa daraja la juu sana hapa nchini, ana uwezo wa kunyamaza ukamsikia. Niliguswa pia na jinsi mtoto mwenyewe alivyowekwa kwenye stori, ni mtoto wa familia, sio laana wala sio muujiza, na kwa muvi za kwetu hiyo ni hatua kubwa maana tumeshazoea mtoto wa hivyo akitokea tu anatafutwa mchawi.

Kwahiyo Binti naipa heshima yake, inaangalika, na wale dada wa kampuni ya Black Unicorn walioitengeneza wamefungua mlango. Ila ukiniuliza nitakumbuka nini mwakani nitakuambia Tumaini na mlango wa duka lake.

VUTA N'KUVUTE

Hii niliisubiri na niliiogopa. Niliisubiri kwa sababu ni riwaya ya Adam Shafi, na niliiogopa kwa sababu hiyohiyo. Waliosoma mchepuo wenye Kiswahili kidato cha tano na sita wanajua, Vuta N'kuvute sio kitabu cha kusoma ukaacha, tulijibia maswali ya dhamira na wahusika mpaka Yasmini na Denge wakawa kama majirani. Kila mmoja anakuja na Denge wake kichwani. Amil Shivji aliyeiongoza alikuwa na kazi ngumu kuliko hao wengine wote niliowataja.

Muvi ni ya 2021, ilioneshwa Toronto kwanza, na mwaka uliofuata ndio Tanzania ikaipeleka Oscar, ikiwa ya pili tu baada ya Maangamizi ya 2001. Tuko Unguja miaka ya 50, Mwingereza bado yupo, mapinduzi hayajafika. Yasmini, binti wa Kihindi, anaozeshwa kwa mwanaume asiyemtaka, anakimbia, anaingia kwenye maisha ya Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida, anakutana na Denge ambaye ni mkomunisti anayetafutwa na serikali. Mapenzi na siasa kwenye kitanda kimoja.

Kwanza sifa. Ni muvi nzuri kwa macho kuliko yoyote iliyowahi kutoka Tanzania na nalisema hilo nikiwa nimelifikiria. Usiku wa Unguja umepigwa picha kwa namna ambayo giza lina rangi, unaona kuta za chokaa, unaona jasho, unaona taa inavyogusa nusu ya uso na kuacha nusu nyingine. Muvi zetu za usiku tumezoea aidha giza totoro husomi chochote au taa nyeupe kama ya ukumbini. Hapa kuna mtu aliyekaa akafikiria kila taa itoke wapi.

Pili, Mwajuma. Siti Amina, yule muimbaji wa Siti and the Band, ndiye kamchukua Mwajuma, na kila akiingia muvi inapumua. Anatembea kama mtu aliyezaliwa kwenye nyumba ile, anacheka kabla neno halijaisha, na anapoimba hahitaji kuigiza kwamba anaimba. Anampokea Yasmini bila maswali mengi na urafiki wao ndio kitu cha kweli zaidi humu ndani, kweli kuliko hata mapenzi ya Denge. Nadhani hata kwenye kitabu ilikuwa hivyo ila muvi imeniwekea wazi. Na Kiswahili kinachoongewa ni cha Unguja cha watu, sio kile cha kusoma karatasi, sisi wa bara unatega sikio na unafurahi.

Sasa lawama. Denge wa Gudrun Columbus ni mzuri wa sura na ana ukimya wenye nguvu, lakini ni baridi. Denge wa kitabuni alikuwa na utani, alikuwa anawachosha polisi kwa ujanja mpaka msomaji unashangilia, yaani ile jina lenyewe la kitabu, kuvutana, mnaona raha ya mchezo. Kwenye muvi kavutana kidogo sana, kateseka zaidi. Na mikutano ya wanaharakati, sini zile za kupanga mambo, hapa ndipo ujumbe ulipokuja kukaa mezani. Watu wanaongea kuhusu ukoloni kwa sentensi ambazo zimeshanyooshwa. Watu waliokuwa wanafanya siasa ya siri walikuwa wanagombana, wanaogopana, wanadaiana nauli, nilitaka niwaone hivyo.

Pia inakwenda taratibu. Mimi taratibu sina tatizo nayo, ila kama unaiangalia na watu wanaotaka stori isogee watakuuliza imefikia wapi. Na ambaye hajasoma kitabu kuna mahali atapotea, maana riwaya kubwa imebanwa kwenye saa moja na nusu na kitu kimoja kikitolewa kinakwenda na sababu ya kingine. Kwa mfano namna Yasmini anavyogeuka kutoka binti anayekimbia ndoa mpaka mtu anayehatarisha maisha yake kwa ajili ya harakati, kitabuni unatembea naye polepole, kwenye muvi unakuta kashafika. Ikhlas Gafur Vora anajitahidi sana kuziba hilo pengo kwa uso wake na mara nyingi anafanikiwa, ila ni pengo.

Pamoja na yote hayo ningeiangalia tena kesho. Na ningeomba sana ioneshwe mashuleni, sio iwasaidie kujibu mtihani, bali wale vijana waone kwamba kile kitabu wanachokikariri kina harufu na sauti.

NAWI

Hii fupi maana bado sijaimaliza kichwani. Ni ya 2024, imepigwa Turkana, na stori ilitoka kwa Milcah Cherotich, mwandishi wa hukohuko. Nawi ana miaka 13, kichwa chake darasani ni moto, anataka kwenda sekondari, baba anamuoza. Mahari yametajwa: kondoo 60, ngamia 8, mbuzi 100.

Kwa kusikia tu nilisema hii itakuwa semina ya ndoa za utotoni. Na kusema kweli ujumbe upo na umeandikwa kwa herufi kubwa, huwezi kuupita bila kuuona. Kilichoiokoa ni binti mwenyewe, Michelle Lemuya Ikeny, ambaye hakuwahi kuigiza kabla, na wala huoni. Ana jeuri, ana utani, anahesabu kila kitu. Na ile hesabu ya mifugo inafanya kazi kubwa kuliko hotuba, kwa sababu unaanza kuelewa kwamba kwa mzee yule, kwenye ile nchi kame, wanyama wale sio tamaa tu, ni ukoo mzima kuvuka mwaka. Unamchukia na unaielewa hesabu yake. Ingekaa hapo zaidi ingekuwa muvi kubwa kabisa. Sehemu za baadaye zinaharakisha kidogo na watu wa nje wanaelezea mambo tuliyoshayaona.

Kwa wanaotaka kuanza: Supa Modo angalia na watoto, hata wadogo, ila kaa nao msiachane nao mpaka mwisho maana watauliza maswali na inabidi uwepo. Nawi inafaa kwa watoto wakubwa, hasa mabinti. Nairobi Half Life usiwashe watoto wakiwa macho, matusi ni mengi na damu ipo. Binti ni ya kuangalia na dada zako au mkeo mkiwa na muda wa kuongea baadaye. Vuta N'Kuvute zima taa, tafuta skrini kubwa kadri unavyoweza, kwenye simu yenye kioo kidogo mchana wa jua zile sini za usiku hutaona kitu na utailaumu muvi bure. Mwenye T-Junction ya huyuhuyu Amil Shivji aniambie inapatikana wapi kihalali, hiyo ndio ninayoitafuta sasa.